Seli za Tzanck: mbona slaidi inaonyesha usaha tu?

Fundi_Temeke: Wakuu habari. Mgonjwa ana vidonda mdomoni na malengelenge laini mgongoni, daktari anahisi pemfigasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ngozi yake yenyewe). Nimekwangua kutafuta seli za Tzanck, yaani seli za ngozi zilizoachana, nikapaka rangi ya Giemsa, naona usaha na seli chache. Nakosea wapi?

Hadubini: Lengelenge la siku ngapi? Likizidi siku mbili, bakteria na seli nyeupe hufunika kila kitu. Chagua jipya, pasua juu, nyonya maji yake kwa gozi (shashi), kisha kwangua kitako chake taratibu. Ukitoa damu umeharibu. Tandaza kwa wembamba na uache ikauke kabisa kabla ya methanoli ya kugandisha seli. Kwa unyevu huu wa Dar wengi huharakisha, viini vinatoka vimefifia. Tafuta seli ya duara iliyojitenga na wenzake: kiini kikubwa cheusi, weupe ukikizunguka, buluu nzito imesukumwa ukingoni. Kingamwili za mgonjwa mwenyewe zimeshambulia desmogleini, gundi inayoshikanisha seli, ndiyo maana zimeachana.

MamaSlaidi: Ukikuta seli kubwa mno, majitu yenye viini vingi vilivyobanana, hiyo ni herpesi. Na kipimo hiki cha Tzanck peke yake haithibitishi pemfigasi, mwambie daktari.

Hadubini: Kweli. Biopsi (vipande vya ngozi vya kupima) ziwe mbili: ukingo wa lengelenge jipya kwenye formalini ya 10%, ngozi ya jirani isiyo na lengelenge kwenye maji ya chumvi ya 0.9%, ifike maabara ndani ya saa 24. Hii ya pili ikiguswa na formalini, imunofluoresensi (kipimo cha kung'arisha kingamwili kwenye ngozi) basi tena. Ikifaulu, IgG, aina ya kingamwili, huonekana kama wavu wa dagaa.

Fundi_Temeke: Kumbe! Lile lilikuwa la siku nne.