Wakuu nisaidieni, maji ya bustani yangu ya kwenye pipa yanageuka kijani kila siku ya nne

NyotaYaZiwa
Habari zenu wakuu, na mwakeye kwa Waha wenzangu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Mwezi wa pili huu tangu nianze kabustani ka maji hapa uani, nilinunua pipa la bluu la plastiki la lita 200 nikamwambia fundi alikate katikati, nusu nikampa jirani akanyweshee kuku wake, nusu nyingine ndo hiyo. Nikaweka yungiyungi alilonitolea shemeji kule Malagarasi, liko kwenye ndoo ndogo yenye udongo, na mafunjo kidogo pembeni. Siku tatu za kwanza unaona mpaka chini, nikapiga picha nikaweka status watu wakasifia wee. Siku ya nne kijani. Na sio kijani cha utani, ni kama mchuzi wa kisamvu. Nikamwaga nikajaza ya bomba, siku nne tena yale yale. Nimeshamwaga mara sita au saba, bili ya maji ndo usiseme. Juzi mama mkwe kaja kututembelea kachungulia kaona viluwiluwi, akasema mnafuga mbu na mna mtoto mchanga ndani, nikirudi nisilikute hili dude. Nifanyeje jamani, nalipenda sana.

Kibirizi Boy
Jiki kifuniko kimoja tu dada, kesho asubuhi kioo.

Mama Pacha wa Gungu
We kaka usimpoteze mwenzio. Jiki itaua hadi hilo yungiyungi. Mi niliambiwa na muuza pembejeo niweke mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kweli kijani kikafa ila na samaki wangu wanne wakafa, konokono wakafa, maji yakanuka wiki nzima maana ule uozo wote unabaki mle mle.

Mha Halisi
Mbegu za mlonge! Bibi yangu Kasulu alikuwa anatwanga anakoroga kwenye maji ya mto, tope lote linashuka chini.

BabuwaUjiji
Mlonge ni mzuri kwa tope, na kwa maji unayoyachota leo ukayatumia leo. Ukiuacha kwenye pipa wiki nzima nao unaoza, unakuwa chakula kingine. Binti, hebu nijibu kwanza: kwenye hiyo ndoo umeweka udongo gani? Na majani yamefunika maji kiasi gani?

NyotaYaZiwa
Shikamoo babu. Udongo wa bustani nimechanganya na samadi ya ng'ombe nusu kwa nusu ili listawi. Majani yako matano tu. Jua linapiga kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja.

BabuwaUjiji
Marahaba. Basi mchawi wako ni hiyo samadi. Kijani hicho ni mwani mdogo mdogo sana, huwezi kuuona mmoja mmoja, wenyewe unataka jua na mbolea tu na vyote umeupa. Yungiyungi la majani matano haliwezi kula mbolea yote hiyo, inayobaki inavuja kwenye maji na mwani unashangilia. Ukimwaga maji unaondoa mwani wa leo ila ndoo ya samadi unairudisha pale pale, tena unamwaga na vile vidudu vidogo vinavyokula mwani na bakteria wanaosafisha uchafu, kila mara wanaanza moja.

Toa yungiyungi, lioshe mizizi, panda upya kwenye udongo wa mfinyanzi mtupu, ule mzito wa bondeni, bila samadi wala majivu wala sijui nini. Juu tandaza kokoto zilizooshwa unene wa vidole viwili udongo usipande, ila kichwa cha mmea kinapotoka majani usikifunike. Jaza maji halafu ACHA. Yatageuka kijani tena, utatamani kumwaga, usimwage. Mpe wiki tatu nne. Yakipungua kwa jua ongeza kidogo kidogo tu. Yungiyungi linataka masaa sita hivi ya jua ndo litoe maua, kwa hiyo usilitoe juani kabisa, sogeza tu pipa lipate kivuli jioni, maji yakichemka ni shida nyingine. Lengo majani yafunike nusu ya uso wa maji au theluthi mbili.

Viluwiluwi: weka gapi watano sita, vile visamaki vidogo vya mapambo. Maji ya bomba yakae wazi siku moja mbili klorini iondoke ndo uwatie. Kwenye joto letu yai la mbu linakuwa mbu ndani ya wiki moja hadi mbili, gapi hawatampa nafasi, na usiwarushie chakula, wana nyama mle. Perege usithubutu, atang'oa kila kitu na kinyesi chake ni samadi nyingine.

Mama Pacha wa Gungu
Ukikosa gapi kuna dawa ya viluwiluwi ya bakteria, kiwanda kiko Kibaha, haidhuru samaki. Ila naomba mtu asije kumwaga gapi au magugu ziwani. Victoria magugu maji waliyaona, sisi Tanganyika tuna samaki ambao hawapo kwingine popote duniani. Magugu yakizidi anika juani yakauke.

Kibirizi Boy
Ya kwangu sio kijani, ni kahawia kama chai ya rangi?

BabuwaUjiji
Una mwembe juu yake wewe. Okota majani.

Kibirizi Boy
Duh, umejuaje mzee.

NyotaYaZiwa
MREJESHO. Wiki ya tano leo. Wiki mbili za kwanza yalikuwa kijani hadi nikaificha ndoo ya kuchotea nisije nikamwaga usiku, mume wangu ananicheka. Wiki ya tatu nikaanza kuona kokoto. Sasa naona mpaka chini, majani kumi na moja, ua moja la buluu linafunguka asubuhi mchana linafunga. Kuna nyuzi nyuzi za kijani pembeni nazisokota kwa kijiti kama tambi natupa. Mama mkwe kaja, kachungulia kwa tochi kabisa, hakusema kitu. Ila gapi walikuwa sita, leo nimehesabu thelathini na kitu nikachoka. Nani anataka?

Mha Halisi
Nipo Katubuka, nakuja Jumapili na ndoo.

BabuwaUjiji
Ndoo yenye mfuniko, wanaruka hao.