Wakuu, Air Tanzania (ATCL) walichagua ndege sahihi au tutajuta? Naomba ushauri wa haraka

DadaWaKikuyu
Habari za jioni wakuu. Niko hapa Dodoma, mambo ya ndege siyajui kabisa, napanda mara moja moja kazi ikinituma. Naomba mnisaidie, hivi hizi ndege walizonunua ATCL ni chaguo sahihi kweli? Hasa jeti za Airbus A220 na zile za mapanga, pangaboi za Q400. Nataka kujua ipi itakuwepo miaka kumi ijayo na ipi wataachana nayo. Nina sababu zangu. Kuna jambo natakiwa kuamua kabla ya Ijumaa na usingizi umekata, matusi tafadhali hapana.

SimbaWaMpwapwa
Panda treni ya SGR dada, kwisha habari. Mimi tangu ianze 2024 ndege nazisikia tu zinapita juu ya bati. Natoka Dodoma alfajiri, Kariakoo nafika watu bado wanafungua maduka, nachukua mzigo wangu, usiku niko kwangu nakula ugali na mlenda, siku ya kwanza wife alijua sikwenda Dar nilikuwa kwa mchepuko, ikabidi nimwonyeshe risiti.

FundiHanga
Ngoja nikujibu ulichouliza. Pangaboi watu walizicheka sana zilipokuja 2016, ila kwa Dar–Dodoma mimi sioni ndege inayofaa kuliko Q400. Safari ya kama saa moja, jeti ikimaliza kupanda inaanza kushuka, mafuta yanaenda bure. Q400 ya ATCL ina siti 76, A220 ina 132. Sasa hao 132 Jumanne mchana Bunge limeahirishwa unawatoa wapi? A220 ni ndege nzuri, tena nzuri sana, siti mbili upande huu tatu upande ule, haina kelele, mpeleke nayo mtu Johannesburg au Lusaka atakushukuru. Ugonjwa wake ni injini. Zile Pratt & Whitney zinachoka kabla ya muda wake na za akiba ni shida dunia nzima, 2022 ATCL waliegesha ndege wakapangua ratiba. EgyptAir walikuwa nazo 12 wakaamua kuuza zote. Na Q400 nayo usiichekelee, kiwanda kilisimamisha kutengeneza mpya tangu 2021.

Kinachonikera mimi ni utitiri wa aina. Q400, A220, Dreamliner, Max 9, 767 ya mizigo. Kila aina inataka marubani wake, mafundi wake na stoo yake ya vipuri. Precision Air wamekomaa na pangaboi zao za ATR, fundi akijua moja kazijua karibu zote.

KibaigwaOG
Na hizo ndege wala si za ATCL, ni za Wakala wa Ndege za Serikali, wao wanakodishiwa. CAG kashaandika hasara hadi wino umeisha halafu hapa tunajadili siti mbili siti tatu. Nchi ngumu hii.

MzeeWaHombolo
Binti yangu, miaka kumi ya nini? Unataka kununua ndege? Sema shida yako watu wakusaidie.

DadaWaKikuyu
Shikamoo mzee. Sio mimi, ni mdogo wangu wa mwisho. Anasomea urubani. Kuna wakala amempatia nafasi nje ya nchi ya ile kozi ya kurusha ndege ya aina moja, inaandikwa kabisa kwenye leseni. Wamempa achague A220 au Q400. Ndo maana nauliza ipi ina maisha, tusije tukalipia halafu ndege zenyewe zikaondolewa.

BintiIhumwa
Hongera kwa kumpenda mdogo wako. Mimi kaka yangu tulimuuzia ng'ombe akasome udaktari nje, leo ana duka la vifaa vya simu pale Sabasaba na ana furaha kuliko sisi wote. Hela mmepata wapi lakini? Maana hizo kozi ni madola ya kutosha.

DadaWaKikuyu
Hela ipo. Kuna kiwanja cha mama huko Msalato tumeuza.

BintiIhumwa
MMEUZA au MNATAKA kuuza?

DadaWaKikuyu
Tumeuza. Na kianzio tumeshalipa, nusu. Msinianze jamani, kiwanja kinapatikana tena, nafasi ya mtoto haingoji. Wakala mwenyewe ni mtu wa dini, mama kamwona kwa macho yake, risiti ametoa. Nusu ya pili ndo Ijumaa. Mimi nauliza aina ya ndege tu.

MzeeWaHombolo
Kiwanja cha Msalato! Uwanja unajengwa pale wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, nyie mnauza ardhi ili mtoto akajifunze kutua. Sisi tulifundishwa mali ya mama haiguswi mama akiwa hai.

FundiHanga
Mzee tulia kwanza. Dada, hujasema dogo ana leseni gani sasa hivi. CPL, ile leseni ya rubani wa kulipwa, anayo? Na masaa mangapi ya kurusha?

DadaWaKikuyu
Anarusha vizuri, mwalimu wake anamsifia.

FundiHanga
Sijauliza hilo. Leseni.

DadaWaKikuyu
PPL. Ila wakala amesema hiyo nyingine atamalizia huko huko.

FundiHanga
Basi achana na A220 na Q400, hapo hakuna cha kuchagua. PPL ni leseni ya kurusha kwa raha zako, kulipwa huruhusiwi. Anatakiwa apate CPL, afanye kurusha kwa vyombo bila kuona nje, na injini mbili, ndo aguse hiyo kozi. Tena makampuni mengi yakikuajiri yanakusomesha yenyewe na yanakufunga kwa mkataba. Nusu ya pili USILIPE. Mwambie wakala akupe jina la chuo, kisha mwende TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mkaulize kama wanakitambua.

MkaguziWaChai
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Hii chai, tena ya maziwa. Dogo ana PPL halafu hajui anachotakiwa kusoma baadaye? Hicho kitu wanaambiwa siku ya kwanza. Na mtu aliyeanza na "siyajui mambo ya ndege" saa hiyo hiyo anaijua A220 na Q400 kwa majina. Huyu ni mwandishi anatafuta stori ya ATCL.

SimbaWaMpwapwa
Hahaha nilihisi. Au ndo wakala mwenyewe anapima upepo.

KibaigwaOG
Mods wafunge uzi.

DadaWaKikuyu
Mwandishi gani anauza kiwanja cha mama yake? Majina ya ndege yapo kwenye karatasi ya wakala nimeyanakili. Na dogo anajua, ndo maana siku hizi akiulizwa anakasirika anatoka nje, nilidhani ni presha ya masomo. Kumbe FundiHanga anachosema na yeye alishakisema kwa mama, mama akamwambia asimvunjie heshima mtu wa watu.

MkaguziWaChai
Sawa, weka picha ya hiyo karatasi, ficha majina.

DadaWaKikuyu
Iko kwa mama. Kesho baada ya kazi napita.

FundiHanga
Usiende kuchukua karatasi tu, nenda na dogo, aongee wewe ukiwepo. Na Ijumaa kama wakala anataka kuonana, muonane ofisini kwake, kama anayo.

BintiIhumwa
Hilo la ofisi hajajibu, mmeona?

DadaWaKikuyu
Huwa tunaonana hotelini.

MzeeWaHombolo
Eeh Mungu wangu.

DalaliMsalato
Poleni na majukumu. Nje ya mada kidogo, dada hicho kiwanja kilikuwa upande wa uwanja mpya au kule Veyula? Na aliyenunua ana mpango wa kuuza? Nina mteja yuko siriasi.