Naomba ushauri: mabaka ya plazma ncha ya kaskazini, nini kinayakata?

BintiPangani:
Wakuu, habari zenu. Nipo Norway nasoma shahada ya uzamili ya fizikia ya anga ya juu, na kwa sasa niko Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 kaskazini. Jua tuliliona mara ya mwisho mwishoni mwa Oktoba, na halitachomoza tena hadi Februari. Kazi niliyopewa ni kupitia picha za kamera inayotazama anga yote, yenye kichujio cha mwanga mwekundu wa nanomita 630.

Kuna usiku mmoja umenikosesha raha. Kuanzia saa mbili usiku vinaingia vipande vya wekundu hafifu kutoka kaskazini, kimoja nyuma ya kingine, na kati yao weusi mtupu. Vinapita utosini, vinaishia kusini. Nimehesabu 8. Kwenye ripoti niliandika kwamba ni aurora dhaifu (mwanga wa angani unaotokana na chembe zinazomwagika kutoka juu). Msimamizi wangu akalizungushia duara neno "aurora", akaandika pembeni: haya ni mabaka ya plazma (hewa iliyopasuka kuwa ioni na elektroni), sasa eleza yalizaliwa wapi na nini kiliyakata.

Nimesoma makala hadi kichwa kinauma, kila moja ina kisu chake. Ripoti natakiwa kuiwasilisha baada ya wiki mbili. Nichague maelezo yapi? Na plazma nyingi namna hii inatoka wapi wakati huku hatujaona jua kwa wiki kadhaa?

Mzee wa Masafa:
Binti yangu, hongera kwa kufika huko. Nimefanya kazi ya redio za masafa mafupi maisha yangu yote, kwa hiyo nitakujibu hilo la mwisho.

Plazma hiyo haikuzaliwa gizani, imeletwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani waliweka kamera na ayonosonda (kifaa cha redio kinachopima plazma ya juu) huko Thule, Greenland, wakaona kitu hichohicho: visiwa vya plazma vyenye elektroni mara mbili na zaidi ya eneo linalovizunguka, upana wa kilomita mia hadi elfu moja, vinasafiri kutoka upande wa mchana kwenda upande wa usiku. Jua linaipasua hewa kwa urujuanimno wake mkali huko liliko, kisha mkondo unaivusha plazma juu ya ncha.

Inafikaje bila kuisha njiani? Kwenye kilomita 250 hadi 350 ioni nyingi ni za oksijeni ya atomu moja, na ioni hiyo ikikutana na elektroni ni nadra sana kushikana. Lazima kwanza ikutane na molekuli ya nitrojeni au ya oksijeni, ndipo ipatikane ioni ya molekuli inayoweza kuidaka elektroni mara moja. Na huko juu molekuli ni chache, kwa hiyo plazma inadumu kwa saa kadhaa. Wekundu unaouona kwenye picha ni plazma hiyo ikipungua polepole, elektroni zikidakwa na ioni za molekuli ya oksijeni.

Fundi Rada:
Mzee amemaliza sehemu yake. Mimi nafanya uzamivu kaskazini mwa Norway, natumia data za rada ya EISCAT iliyopo hapohapo Longyearbyen. Dada, naomba usichague maelezo kabla hujafanya hesabu ifuatayo.

Mabaka husafiri kwa mita 300 hadi 1000 kwa sekunde. Tuchukue 500, yaani kilomita 1800 kwa saa. Kutoka ukingo wa mchana hadi juu ya kichwa chako ni kama kilomita 3000, kwa hiyo baka lako la saa mbili usiku liliingia saa moja na dakika 40 kabla, saa 12:20 jioni kwa saa za huko. Muda huo mashariki mwa Kanada ni saa 6:20 mchana! Na kwa kuwa ncha ya jiosumaku ya Dunia (si ile inayofuatwa na dira) imeegemea Kanada, mlango wa kuingilia eneo la ncha unashuka hadi maeneo ya Hudson Bay, ambako hata Desemba mchana kuna jua. Plazma yako ina asili ya Kanada.

Inaingia kama ulimi mrefu, na ulimi huo ndio unaokatwa. Kuhusu kisu: mwaka 1992 Lockwood na Carlson walisema upepo wa jua (chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua) ukiwa na uga sumaku unaoelekea kusini, mistari yake inaungana na ya Dunia kwa vipindi, haiungani mfululizo. Kila kipindi mpaka wa eneo la ncha unaruka kusini, unameza plazma nene, kisha unarudi nayo kaskazini. Kikipita, kinachoingia ni plazma nyembamba hadi kipindi kijacho.

Mwaka 1994 Rodger na wenzake wakaja na kisu kingine. Unatokea mkondo mwembamba wa kasi kubwa mno unaokatiza ulimi. Ioni zinasuguana na hewa, joto linapanda, ule ubadilishanaji na nitrojeni aliousema Mzee unakwenda mbio, na ndani ya dakika chache plazma ya sehemu ile imeliwa. Wapo pia wanaosema uga wa upepo wa jua ukigeuka mashariki au magharibi unauyumbisha mkondo wote, ukachota mara kwenye plazma nene, mara kwenye nyembamba.

Mwana Kigamboni:
Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimefuatilia uzi huu kwa furaha kubwa. Hiyo ya 1992 nimeielewa kwa pantoni. Magogoni watu wanafika mfululizo, mmoja mmoja, asubuhi kutwa. Lakini ukisimama Kigamboni utaona wanashuka kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu gati ni tupu. Watu hawajakatika, ni pantoni inayowachota kwa awamu. Kesho nawapa wanafunzi wangu mfano huu.

Fundi Rada:
Mwalimu, ndivyo kabisa, nami nitauazima. Ile ya 1994 ni tofauti: foleni ilikuwa nzima, ikakatwa katikati.

Mpima Ardhi:
Samahani kuingilia. Huku Tanzania, miezi ya Machi na Septemba, jua likishazama GPS yangu ya upimaji inayumba hadi narudia pointi. Ni mabaka haya haya?

Fundi Rada:
Hapana kaka, yako ni mapovu ya plazma ya ikweta. Baka ni mahali plazma imejaa, povu ni shimo ambamo plazma imepungua, linapanda juu baada ya magharibi. Usumbufu unafanana kwa sababu vyote viwili vina kingo zinazovunjika vipandevipande, na mawimbi ya setilaiti yakipita hapo yanatetemeka. Ukiweza, pointi muhimu zichukue asubuhi.

Nuru ya Jioni:
Nampinga Fundi kidogo. Ametoa hukumu mapema kwamba yote 8 ni mabaka ya plazma iliyozaliwa na jua. Elektroni zinazomwagika kutoka juu nazo zinaweza kuongeza plazma, na kuna mabaka ya moto yanayozaliwa hivyo. Dada, je, una kamera ya kijani, nanomita 557.7? Aurora ya kawaida inang'aa kijani pia. Baka linalosafiri tu halina kijani. Kisha nenda kwenye data za rada: elektroni nyingi kwenye kilomita 300 huku joto la elektroni likiwa chini, hilo ni baka lililosafiri tu. Wingi ukiwa kilomita 150 na elektroni ni za moto, hapo kuna mmwagiko.

Fundi Rada:
Nakubali, hilo lianze kabla ya hesabu yangu. Yatakayobaki, yarudishe nyuma kwa ramani za mikondo za SuperDARN (mtandao wa rada), kisha linganisha na upepo wa jua wa muda ule. Qing-He Zhang na wenzake walifanya hivyo kwa dhoruba ya tarehe 26 Septemba 2011, wakachapisha 2013: waliyafuata mabaka tangu yanakatwa hadi yanatoka upande wa usiku. Kisu cha usiku wako kitaonekana kwenye muda.

BintiPangani:
Wakuu, nimerudi. Nimekesha na kamera ya kijani. Saba ni meusi kabisa humo, hayana kijani. La tatu lina mstari wa kijani ukingoni, nimeliweka pembeni. Pia nimeelewa kwa nini kingo zimefifia hata picha ikiwa kali: atomu ya oksijeni inakaa karibu sekunde 110 kabla ya kutoa mwanga huo mwekundu, na kwa mita 500 kwa sekunde baka limeshasogea kilomita 55.

Uga wa upepo wa jua ulielekea kusini muda wote, na ule wa mashariki-magharibi haukugeuka hata mara moja. Kwa hiyo hicho kisu nimekiondoa. Imebaki pantoni au mkondo wa kasi. Fundi, rada ya Resolute Bay iko upande huo wa Kanada. Data zake za usiku ule naziombaje?

Fundi Rada:
Nitumie tarehe inbox. Leo hii nakuelekeza.