Bei imekubaliwa Barani: ni hatua zipi hadi tuhamie?

Mnunuzi wa Barani, Malindi
Assalamu alaikum. Mimi na mume wangu tumekubaliana bei ya nyumba ya vyumba vitatu hapa Barani, na muuzaji anataka tumlipe fedha zote mkononi Ijumaa hii ndipo atukabidhi funguo. Ametuonyesha mkataba alionunulia yeye, lakini hati miliki asema iko kwa nduguye Mombasa. Naomba kuelezwa yanayopaswa kufanyika kabla hatujahamia.

Karani wa wakili
Waalaikum salaam, dada. Nakusihi msilipe Ijumaa. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili na ushuhudiwe. Bei mliyoafikiana kwa mdomo haiwalindi. Kabla ya sahihi, wakili wenu wenyewe, si wa muuzaji, afanye sachi kwenye rejista ya ardhi ili ajue mwenye mali ni nani na kama pana rehani au zuio. Baada ya sahihi hulipwa kwa desturi asilimia 10, ambayo ni bora ikae kwenye akaunti ya mawakili, na salio hufuata hati zinapokamilika, aghalabu ndani ya siku 90. Katika siku hizo muuzaji ndiye mwenye kazi kubwa: atoe hati miliki yenyewe, fomu ya uhamisho yenye sahihi yake, cheti cha kaunti kwamba hadaiwi kodi ya ardhi, na ridhaa ya mkewe ikiwa ni nyumba ya ndoa. Ninyi mtalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, kwa thamani atakayoikadiria mthamini wa serikali. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji, msikubali kutwikwa.

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Dada, mimi nililipa kwanza nikauliza baadaye. Tulikuwa tumeshabadilisha boriti mbili za dari na chokaa ya ukutani haijakauka, alipobisha hodi mama mmoja mtu mzima, akakaa barazani, akaniambia kwa upole kwamba nyumba ni ya marehemu baba yao na yeye hajapata fungu lake. Aliyeniuzia alikuwa kaka yake. Ilibidi twende kwa Kadhi, warithi wote watambuliwe, na mimi nikaongeza fedha ambazo sikuwa nazo. Hakikisha jina lililo kwenye rejista ni la mtu aliye hai na ndiye anayekuuzia.

Fundi wa Maweni
Nimesoma swali mara mbili, na linalonitia wasiwasi ni huo mkataba mliouonyeshwa. Je, unataja kiwanja au unataja nyumba pekee? Hapa pwani mtu huweza kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwaka, na yote ni halali, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nyumba yenye ardhi yake. Siku ya kukabidhiwa funguo, someni mita ya maji mbele ya muuzaji na mwandike deni lililopo.

Mnunuzi wa Barani, Malindi
Nawashukuru nyote. Nimeusoma mkataba upya: umeandikwa "nyumba ya mawe na bati zake", na kiwanja hakikutajwa popote. Ijumaa hatulipi; Jumatatu tunakwenda kwa wakili.