Nyaraka za legesheni ya Marekani mjini Riga, 1922–1933: zinasomwaje?

Mwl_Isevya (Tabora)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Naandaa zoezi la kupima vyanzo kwa kidato cha sita, Historia. Nimechagua nyaraka ambazo legesheni ya Marekani mjini Riga, Latvia, iliandika kuhusu Urusi ya Kisovieti kabla Marekani haijaitambua. Nimekwama sehemu tatu. Juu ya kila waraka kuna nambari kama 861.00 na mkwaju (/), halafu nambari nyingine isiyofanana nayo kabisa. Kuna tarehe mbili. Na kubwa zaidi, hawa watu hawakuwa Moscow. Niwaambie wanafunzi wawaamini wapi na wasiwaamini wapi? Halafu legesheni niiite "ubalozi mdogo"?

Mtu_wa_Gungu (Kigoma)

Marahaba mwalimu. Nianze na jina, maana hapo ndipo watoto watakapopotea mapema. Ubalozi mdogo kwetu ni konsuleti, kama ya Kongo na ya Burundi hapa Kigoma. Legesheni ilikuwa ofisi kamili ya kidiplomasia, ila mkuu wake alikuwa na cheo cha waziri, chini ya balozi. Ndiyo maana unakuta "Waziri aliyeko Latvia (Coleman)". Usipoeleza, mwanafunzi atadhani Coleman alikuwa waziri wa serikali ya Latvia.

Sasa nambari. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianza kutumia mfumo wa desimali mwaka 1910. Tarakimu 8 ni mambo ya ndani ya nchi, 61 ni Urusi, na kinachofuata nukta ni mada: .00 siasa, .51 fedha, .77 reli. 861.01 ni suala la serikali na kutambuliwa kwake. Ikianza 7, ujue ni uhusiano wa nchi mbili, kwa hiyo 711.61 ni Marekani na Urusi. Tarakimu baada ya mkwaju ni zamu ya waraka ndani ya jalada hilo, huko Washington. Ile nambari nyingine ni hesabu ya Riga wenyewe, waraka wa ngapi wametuma. Usizipange nyaraka kwa zamu ya jalada ukidhani umezipanga kwa tarehe. Telegramu ya tarehe 20 inaweza kuupita waraka wa tarehe 5 ambao bado uko baharini ndani ya mfuko wa kidiplomasia.

Tarehe mbili zinatokana na hapohapo: moja ni ya kuandikwa Riga, nyingine ni ya kupokelewa Washington. Swali likiwa "Washington ilijua nini siku ile", tumia ya pili. Ongeza na ya tatu, ambayo lazima uitafute ndani ya maandishi: tukio lenyewe lilitokea lini, au gazeti lililonukuliwa ni la siku gani. Wanafunzi wachore safu tatu. Ukiona miezi mitatu kati ya safu ya kwanza na ya mwisho, unajua habari ilichoka kabla ya kusomwa.

Kanyenye77 (Tabora)

Nyongeza kuhusu telegramu. Zile za siri zilitumwa kwa misimbo, na kabla ya kumwonyesha mtu wa nje ilibidi maneno yabadilishwe, maana adui akipata maneno halisi na maandishi ya misimbo, akiyaweka sambamba anaifungua misimbo yote. Ukikutana na telegramu moja yenye maneno ya namna mbili, usikimbilie kusema kuna ya kughushi.

Halafu usitegemee peke yake mkusanyo uliochapishwa na wizara hiyo (Foreign Relations of the United States), ingawa unapatikana bure mtandaoni. Ule ni uteuzi. Tafuta tanbihi inayosema kiambatanisho hakikuchapishwa. Mara nyingi hicho kiambatanisho ndicho chenye nyama: tafsiri ya gazeti, au mahojiano na msafiri. Nakala zilizopokelewa wizarani ziko fungu la nyaraka (Record Group) la 59 la Hifadhi ya Taifa ya Marekani, na zilizobaki kwenye vituo ziko fungu la 84. Kwenye 59 unaona mihuri na maandishi ya pembeni ya Washington, kwenye 84 unaona waraka ulivyoandaliwa.

Kuhusu kuaminika, mimi ningewaambia wanafunzi wawe wakali. Riga ilijaa Warusi waliokimbia mapinduzi, na maofisa waliishi nao, wakajifunza lugha kwao, wakala nao. Chuki ya wakimbizi iliingia kwenye kalamu.

Mtu_wa_Gungu (Kigoma)

Kanyenye, hapo tunatofautiana kidogo. Msimamo wa maofisa ulikuwa wazi, sikatai. Robert Kelley, aliyeongoza idara ya Ulaya Mashariki huko Washington, hakutaka Wasovieti watambuliwe kirahisi, na vijana aliowasomesha Kirusi, kama George Kennan aliyefanya kazi Riga 1931 hadi 1933, walifuata nidhamu yake. Lakini nidhamu hiyo ilikuwa ya kusoma. Kazi kubwa ya kitengo cha Urusi pale Riga ilikuwa kuchambua magazeti, sheria na takwimu za Wasovieti wenyewe. Hapo ndipo walipokuwa imara. Upendeleo wao utaukuta katika kuchagua habari ipi ipelekwe, na katika aya ya mwisho ya maoni.

Kwa hiyo mwalimu, usiupime waraka mzima kwa mkupuo. Pima sentensi. Wape wanafunzi herufi nne za kuweka pambizoni: G kwa gazeti au sheria, M kwa msafiri, H kwa hati iliyonunuliwa, K kwa kauli ya mwandishi.

Mfano wa G. Tarehe 7 Agosti 1932 serikali ya Kisovieti ilitoa amri kwamba anayeiba mali ya shamba la ushirika apigwe risasi, au kukiwa na sababu za kumpunguzia, afungwe si chini ya miaka 10. Aliyekaa Riga na gazeti tu mkononi anajua tayari kwamba wizi wa nafaka umeenea hadi umeitisha serikali. Hajui wangapi wana njaa, na akitaja idadi, sentensi hiyo imetoka G imekwenda K.

M inataka maswali manne: alitoka wapi, lini, alijua Kirusi, alikuwa anakula wapi? Mhandisi wa Kimarekani aliyenunua chakula katika duka la wageni hawezi kusimulia tumbo la kibarua. Ni kama abiria anayeshuka bandarini hapa akitokea Kalemie, kule Kongo. Bei za soko la Kalemie muulize, za Lubumbashi usimuulize.

H ndiyo hatari. Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kazi hii methali hiyo imewaponza wengi. Miji kama Riga na Berlin ilikuwa na watu walioishi kwa kuuza "siri za Moscow". Mwaka 1929 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani mkimbizi wa Kirusi Vladimir Orlov pamoja na mwenzake kwa hati za kughushi zilizodai kwamba maseneta wa Marekani walihongwa na Wasovieti. Kabla ya hapo ilikuwa barua ya Zinoviev, iliyodaiwa kutoka kwa kiongozi huyo wa jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kikomunisti kwenda kwa wakomunisti wa Uingereza, iliyofika London Oktoba 1924 kupitia kituo cha ujasusi cha Waingereza palepale Riga, ikachapishwa siku 4 kabla ya uchaguzi wa Uingereza. Nakala yake halisi ya Kirusi haijaonekana hata leo. Balozi mdogo wala mkubwa hakuhitajika kuitilia shaka: kichwa chake kilisema "Jumuiya ya Tatu ya Kikomunisti ya Kimataifa", na Wasovieti wakajibu mara moja kwamba haikuwahi kuwepo ya Kwanza wala ya Pili iliyoitwa ya Kikomunisti. Kagua kichwa, cheo na saini kabla ya kusoma habari yenyewe.

Ulyankulu_Hesabu (Tabora)

Mmesahau vipimo, na vipimo ndivyo vinavyoharibu jibu la mwanafunzi mzuri. Pudi moja ni kilo 16.38, hivyo pudi milioni 100 ni tani milioni 1.638. Sentena ya Kirusi ni kilo 100, ya Kijerumani ni kilo 50. Ukikosea umezidisha au umegawa kwa mbili. "1928/29" ni mwaka wa uchumi ulioanza 1 Oktoba. Kuanzia 1931 ndipo walipofuata kalenda, baada ya robo moja ya pekee mwishoni mwa 1930. Na ruble ikigeuzwa dola kwa bei rasmi, takriban ruble 1.94 kwa dola, mshahara wa Moscow unaonekana mnono kuliko mkate uliouweza kununua.

Mwl_Isevya (Tabora)

Ahsanteni sana. Nina vipindi viwili vya pamoja, dakika 80. Nyaraka ngapi zinatosha?

Mtu_wa_Gungu (Kigoma)

Tatu, kila moja isizidi kurasa mbili: moja ya gazeti, moja ya msafiri, moja yenye maoni mengi. Dakika 15 za safu za tarehe, 40 za herufi pambizoni, zinazobaki za mjadala. Maelezo ya nani alikuwa nani wape mwishoni, baada ya herufi. Wakijua mapema kwamba Kennan alikuja kuwa mtu mkubwa, wataweka G kila mahali. Na unapotoa nakala, acha pambizo pana upande wa kushoto.