Nikizungusha kamera kwenye fremu 24 kwa sekunde video inarukaruka, nakosea wapi?

mzee_wa_sherehe: Wakuu habari za mchana, nisaidieni maana kichwa kimeshavurugika. Jumamosi nilishuti harusi, siku zote natumia fremu 30 ila nikasema safari hii niende 24 itoke kisinema sinema. Nikitulia na kamera video iko poa kabisa, sasa nikizungusha toka kushoto kwenda kulia pale Coco Beach minazi inarukaruka kama imepigwa shoti. Jua lilikuwa kali, shata (muda kila fremu inapokea mwanga) niliweka 1/1000 ya sekunde, na klipu zingine nimechukua kwa simu. Kamera mbovu au mimi?

lenzi_moja: Kamera haina kosa mkuu, ni hiyo shata. Kwenye 24 inatakiwa 1/48, kamera nyingi haina hiyo so weka 1/50, hapo kila fremu inapata ukungu kidogo wa mwendo na jicho linaunganisha lenyewe. Wewe kwa 1/1000 kila fremu imetoka kali kama wembe. Najua utasema jua litaunguza picha, ndio, jua la mchana na ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga) kwa 1/50 itabidi ufunge tundu la lenzi mpaka f/22, ukiitaka f/2.8 yako, tundu wazi, tafuta filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 6, kila stopu inakata mwanga nusu. Halafu punguza spidi bana, watu wa filamu wana kipimo chao cha zamani, kitu kitumie kama sekunde 7 kuvuka toka ukingo mmoja wa picha mpaka mwingine. Saba! Hesabu kwa mdomo utaona unavyokimbiaga.

mama_editi: Sekunde 7 kwenye harusi nani atakusubiri 😂 bibi harusi ameshaingia ukumbini. Fuata mtu, mweke palepale kwenye fremu, macho yatabaki kwake hata nyuma kukiruka hakuna atakayeona. Ila kaka mimi hiyo simu ndo inanitia wasiwasi. Fungua projekti kwenye programu ya kuhariri, sogeza fremu moja moja kwa mshale, ukikuta kila ya tano ni pacha wa iliyotangulia basi projekti yako iko 30.

mzee_wa_sherehe: Duh. Ni kweli dada, mapacha wamejaa! Klipu ya kwanza kuingiza ilikuwa ya simu, programu ikachukua 30 yake na mimi nikabonyeza ndio bila kusoma. Nimerudisha 24, imepungua sana ila bado ipo kidogo

bwana_skrini: Hiyo iliyobaki nyingine ni ya skrini yako. Nyingi ni hezi 60, yaani zinaonyesha picha mara 60 kwa sekunde, na 24 haiingii sawasawa kwenye 60, fremu moja inaonyeshwa mara 2 inayofuata mara 3, mwendo unachechemea. Jaribu kwenye ya 120, pale kila moja inakaa mara 5 sawasawa.

mzee_wa_sherehe: Sawa. Na ile 1/1000 ya minazi haitibiki?

mama_editi: Kuna plagini (viprogramu vya nyongeza) za kuongeza ukungu ila kwenye makuti zinachafua vibaya. Kata hiyo shoti weka ya droni.

mzee_wa_sherehe: Droni nayo nilishuti 1/1000 dada 🙈