Kwarto mbili za Merchant of Venice, zote zimeandikwa 1600: nitawaonyeshaje wanafunzi ipi ya kweli?

Mkufunzi_Kihesa

Kamwene wakuu. Hapa Iringa mwaka wa pili wanasoma The Merchant of Venice ya Shakespeare sambamba na Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere (1969). Nimepakua picha za matoleo mawili ya kale, yote kwarto, yaani vitabu vya karatasi iliyokunjwa mara mbili. La kwanza jina lake linaanza "The most excellent Historie", na chini linasema limechapwa na I. R. kwa ajili ya Thomas Heyes, 1600. La pili linaanza "The Excellent History", chini J. Roberts, 1600. Vitabu vya kiada vinasema hili la pili ni la 1619 na mwaka wake ni wa uongo, basi, vinaishia hapo. Wanafunzi wanauliza: tunajuaje?

Naomba msaada kwa haya. Ushahidi wenyewe ni upi, na upi unaonekana kwenye picha? Nifanye zoezi gani na wanafunzi 60, projekta moja na umeme wa kubahatisha? Na nitajuaje Mwalimu alitafsiri kutoka toleo gani la Kiingereza?

Mvua_za_Tukuyu

Ugonile mwalimu. Aliyeifumua kesi hii ni W. W. Greg, msomi wa vitabu vya kale, mwaka 1908, na shahidi wake mkuu alikuwa karatasi.

Kwanza, hiyo kwarto ya pili haiko peke yake. Ni ya kundi la tamthilia kumi zilizotoka karakana moja, ya William Jaggard, yuleyule wa Folio ya 1623, kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia za Shakespeare. Wasomi huziita kwarto za Pavier, kwa jina la muuza vitabu Thomas Pavier. Baadhi zimeandikwa 1600, baadhi 1608, baadhi 1619. Na si zote ni za Shakespeare, ingawa jina lake limebandikwa.

Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa mkono kwenye kalibu ya nyaya, na kwenye kalibu kulishonwa waya wenye umbo fulani. Umbo hilo ndilo alama ya maji. Karatasi ilikuwa gharama kubwa mno kwa mchapaji, hivyo alinunua ya kazi iliyo mbele yake, hakujaza stoo ya miaka. Greg alipozipitia kwarto za kundi hili alikuta mchanganyiko wa alama nyingi, dalili ya karatasi za mabaki. Tena alama zilezile zinatokea ndani ya kitabu cha "1600", cha "1608" na cha 1619. Ili mwaka 1600 uwe wa kweli, mabaki yaleyale yangelazimika kukaa miaka 19 yakingoja, kisha yatoke kwa mchanganyiko uleule. Haiingii akilini.

Mwaka 1910 William Neidig akaongeza ushahidi wa pili: alipiga picha kurasa za jina na kuzipima, akaonyesha kwamba sehemu za herufi zilizopangwa kwa ukurasa mmoja ziliachwa zimefungwa vilevile zikatumika kwenye ukurasa wa kitabu kingine chenye mwaka tofauti. Herufi za risasi hazikai zimefungwa miaka 19. Zinahitajika kwa kazi ya wiki ijayo.

Kuhusu kwa nini walidanganya, usiwape jibu moja. Ukweli uliopo: James Roberts, ndiye I. R. na J. Roberts wa kurasa zako za jina, aliiandikisha tamthilia hii kwenye daftari la chama cha wachapaji wa London tarehe 22 Julai 1598, haki ikahamia kwa Heyes tarehe 28 Oktoba 1600, na baadaye Jaggard akaichukua karakana ya Roberts. Mei 1619 Lord Chamberlain, afisa mkuu wa ikulu, alikiandikia chama hicho kwamba tamthilia za waigizaji wa Mfalme, kundi la Shakespeare, zisichapwe bila idhini yao. Wengi huunganisha barua hiyo na ile miaka ya uongo. Inawezekana, lakini alama za maji zinathibitisha lini, hazithibitishi nia.

Karatasi_Mufindi

Mkuu hapo juu kamaliza kesi, ila alama za maji ndizo hasa picha hazitakuonyesha. Kwenye kwarto alama huangukia katikati ya mkunjo wa mgongo, nusu kwenye jani hili na nusu kwenye jani lile, ikamezwa na mshono. Inaonekana kwa mwanga wa kupitia nyuma ya jani. Picha nyingi za maktaba zimepigwa kwa mwanga wa juu. Kwa hiyo sema "Greg aliona", usiseme "tunaona".

Unachoweza ni kuwafanya waelewe kwa nini iko pale. Kila mwanafunzi A4 moja, penseli, rula. Laza karatasi kwa upana. Chora mistari inayokwenda juu-chini, sambamba na upande mfupi, kila baada ya sentimita 2.5. Hiyo ni mistari ya mnyororo, ambayo karatasi ya mkono huwa nayo na ya mashine, iwe ya nje au ya Mgololo, haina. Katikati ya nusu moja ya karatasi chora mtungi, alama ya kawaida sana kwenye karatasi zilizotumika Uingereza wakati huo. Kunja mara moja: hiyo ni folio, mistari imesimama na mtungi uko katikati ya jani. Kunja tena kuukata mkunjo wa kwanza: hiyo ni kwarto, mistari imelala na mtungi umeingia kwenye mkunjo. Mara ya tatu ni oktavo, mistari inasimama tena na mtungi unasogea juu kwenye mgongo. Akishika hilo, mwanafunzi anaweza kutambua umbo la kitabu hata kama kingo zimekatwa na ukubwa umebadilika.

Halafu rudini kwenye mikunjo miwili. Bila kukata, namba kurasa 1 hadi 8 kwa kufunua pembe. Chini ya ukurasa wa 1 andika A, wa 3 A2, wa 5 A3. Jani la nne mara nyingi liliachwa bila alama. Sasa fungua karatasi yote. Upande mmoja una 1, 4, 5, 8 na wa pili una 2, 3, 6, 7, nusu yake kichwa chini. Kila upande ulifungwa kwenye fremu yake na kuchapwa kwa mkupuo, kwa hiyo kosa likigunduliwa wakati mashine inakwenda, linasahihishwa kwa upande huo wote. Karatasi zilizokwisha kuchapwa hazikutupwa. Ndiyo maana nakala mbili za toleo moja hazilingani. King Lear ya 1608 ina nakala 12 zilizobaki, na zinatofautiana kwa mtindo huohuo. Ukiona nakala moja usiseme umeona toleo.

Wanafunzi 60 ni makundi sita ya kumi kumi. Makundi matatu yatengeneze kwarto ya Heyes: A–I⁴ K², yaani mafungu tisa ya majani manne na fungu la mwisho la majani mawili, jumla majani 38. Wa kumi kwenye kundi anapata nusu karatasi. Makundi matatu mengine yatengeneze ya 1619: A–K⁴, majani 40, karatasi kumi kamili. Watakulalamikia kwamba J imerukwa. Alfabeti ya wachapaji ilikuwa na herufi 23, I na J ni moja, U na V ni moja, W haimo.

Msishone kwanza. Wapange mafungu kwa kufuata herufi za chini tu, kisha changanya uone nani anaweza kuyarudisha.

Dada_wa_Uyole

Hilo la kukunja lina faida kuliko projekta. Mimi naongezea upande wa picha.

Kama umepakua kutoka EEBO, hazina ya mtandaoni ya vitabu vya kale vya Kiingereza, jua kwamba picha nyingi pale zimetoka kwenye filamu ndogo za zamani, nyeusi na nyeupe bila kijivu. Doa linaonekana kama nukta, wino wa upande wa pili unapenya, mkia wa koma unapotea. Zinatosha kusoma maneno. Hazifai kwa hoja ya alama za uandishi wala kwa zoezi la Neidig. Tafuta picha za rangi za Folger au British Library. Kila faili lipe namba ya STC (orodha ya wasomi ya vitabu vya kale vya Kiingereza) na jani lake, sio namba ya kamera: Heyes ni 22296, ya 1619 ni 22297. Kwa hiyo 22297_A1r ni uso wa mbele wa jani la kwanza, 22297_A1v ni nyuma yake. Pakua usiku kwa bando la usiku, weka kwenye flashi, darasani usitegemee mtandao.

Zoezi la kurasa za jina. Wengi hulinganisha Heyes na Roberts, wakaona tofauti, wakadhani wamethibitisha kitu. Hapo umeonyesha kwamba ni matoleo mawili tu. Linganisha ukurasa wa jina wa 22297 na ukurasa wa mwenzake wa kundi hilohilo ulioandikwa 1619, kwa mfano Pericles. Fungua zote mbili kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, moja juu ya nyingine, ya juu ifanye nusu-wazi. Chagua mstari mmoja, jina la mwandishi linafaa, pima kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kuza au punguza picha ya juu hadi vipimo vilingane, kisha izungushe kidogo ikae sawa. Angalia nafasi kati ya herufi, herufi iliyovunjika au kupinda, na umbali wa kwenda kwenye nembo na kwenye mistari ya chini. Herufi iliyovunjika mahali palepale ina nguvu kuliko kipimo chochote, kwa sababu karatasi huloweshwa kabla ya kuchapwa na hunywea ikikauka, na kila jani hunywea kivyake. Kamera nayo inaweza kuinama.

Usivute urefu na upana kwa viwango tofauti ili vifanane. Ukishafanya hivyo unaulazimisha ushahidi.

Umeme ukikatika, tumia transparensi. Zitoe steshenari mapema, ukiwa umeshalinganisha ukubwa kwenye kompyuta, na mwambie kijana wa mashine asiache chaguo la kujaza ukurasa, la sivyo kila moja itatoka na kipimo chake. Kioo cha dirisha nacho kinatosha mchana, kwa karatasi ya kawaida.

Wakitafuta maneno kwenye maandishi yaliyochapwa upya mtandaoni, love wataikuta imeandikwa loue, upon ni vpon, na s ndefu mashine huisoma f. Watafute kwa tahajia zote kabla ya kusema neno halimo.

Mkufunzi_Kihesa

Asanteni sana, hasa hilo la kulinganisha ndani ya kundi. Bado swali la Mwalimu. Na je, Folio nayo niiingize au itawachanganya? Kuna nakala yoyote Afrika mtu anaweza kuiona?

Jalada_Gumu

Folio iko Cape Town, Maktaba ya Taifa ya Afrika Kusini, kwenye mkusanyiko wa Sir George Grey.

Iingize, tena ina maana kwetu. Tamthilia za Shakespeare ambazo Watanzania walizitoa kwa Kiswahili miaka ya sitini ni Julius Caesar na Merchant kwa Mwalimu, Macbeth na The Tempest kwa S. S. Mushi. Tatu kati ya hizo hazikuwahi kuchapwa kabla ya Folio ya 1623, hivyo hazina kwarto ya kulinganisha. Merchant pekee ndiyo ina mvutano huu. Umechagua vizuri.

Jambo la kuonyesha darasani kwa dakika tano: tendo la kwanza, onyesho la pili, Portia na Nerissa wanawasema wachumba. Kwarto ya Heyes ya 1600 inamtaja bwana wa Scotland. Folio inasema bwana "mwingine". Kati ya hapo, mwaka 1603, James wa Scotland alishakuwa mfalme wa Uingereza.

Sasa tafsiri. Mwalimu hakutafsiri kutoka kwarto wala Folio, alitumia toleo la kisasa lililohaririwa, kama mfasiri yeyote. Kwa hiyo unachotafuta ni mhariri. Usianze na mistari mizuri ya mahakamani, huko matoleo yote yanafanana. Anza na mambo ambayo wahariri waliyaongeza au kuyabadilisha.

Orodha ya wahusika: kwarto ya 1600 haina, ya kwanza kuiweka ni ya 1637. Mgawanyo wa matendo umeanzia kwenye Folio, na mgawanyo wa maonyesho ni kazi ya wahariri wa baadaye. Halafu kuna Salarino, Solanio na Salerio, marafiki wa Antonio wenye majina yanayokaribiana. Wahariri wa zamani waliwaacha watatu. John Dover Wilson, mwaka 1926, alidai Salarino na Salerio ni mtu mmoja, na matoleo mengi yakamfuata. Fungua orodha ya Mabepari wa Venisi, hesabu ni wangapi, kisha hakikisha na anayeleta barua Belmont kwenye tendo la tatu. Hapo utakuwa umeshayagawa matoleo ya Kiingereza yaliyokuwepo kabla ya 1969 mafungu mawili. Endelea na maelekezo ya jukwaani, hasa yale ambayo wahariri huyaweka kwenye mabano.

Jihadhari na jina la msemaji. Kwarto ya 1600 inabadilisha kati ya Shylock, mkopeshaji Myahudi, na "Iew" (yaani Jew, Myahudi) pembeni ya maneno yake. Wanafunzi watataka kuandika insha ya maana yake. Inaweza kuwa na maana, lakini kuna hoja pia kwamba mpanga herufi aliishiwa herufi kubwa za italiki kwenye kasha lake. Waambie wahesabu kwanza fremu kwa fremu, kwa ile karatasi waliyokunja: 1, 4, 5, 8 peke yake, 2, 3, 6, 7 peke yake.

Mvua_za_Tukuyu

Na kwenye insha zao wasiandike 1619 peke yake, maana atakayefungua kitabu atakuta 1600 akadhani wamekosea. Waandike 1600 [yaani 1619], kwa mabano ya mraba, na namba ya STC pembeni.